Dawa za Miti Shamba kwa Moyo Mzito

Kaeni vizuri, na kila mmoja aweke daftari na kalamu karibu, maana leo tutasikiliza, tutasoma, na mwisho tutaandika.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: SONONA, KIPIMO, INI, ORODHA. Darasa lisome kila neno kwa sauti, polepole, mara mbili. Sisi hapa tutangoja.

Vema. Neno INI mwalijua tangu zamani, maana mwanunua ini buchani. Lakini leo tutasema habari za ini lililo ndani ya mwili wako wewe mwenyewe, na mtaona kwamba kazi yake ni kubwa. Maneno mengine tutayafikia moja moja. Tuanze na SONONA.

Kila mtu hupata huzuni. Mtu akifiwa, akiuguliwa na mtoto, au mvua ikikosa na mahindi yakakauka shambani, moyo huwa mzito. Huzuni ya namna hii huonekana sababu yake, nayo hupungua kidogo kidogo, hasa ndugu na majirani wakija kukaa pamoja na mwenye msiba. Huo si ugonjwa. Lakini iko huzuni nyingine isiyokwisha. Mtu huamka nayo na hulala nayo, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Chakula hakimpendezi. Usingizi humkatikia usiku wa manane, akabaki macho wazi akihesabu makosa yake. Jembe huwa zito mkononi. Mtoto wake akicheka, yeye haoni furaha. Wengine hawasemi kabisa kwamba wana huzuni; husema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Hali hii madaktari huiita sonona.

Sonona si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na una wenziwe wengi: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 wanao. Wamo matajiri na maskini, wasomi na wasiojua kusoma. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na mama aliyejifungua karibuni aweza kuupata wakati kila mtu anamtazamia afurahi.

Sasa, mtu akiwa katika hali hiyo hufanya nini? Wengi wetu huanza na miti shamba. Bibi huchemsha majani, au jirani hutaja mganga fulani. Siwacheki wanaofanya hivyo, wala asiwacheke mtu mwingine. Mganga yuko karibu, na hospitali iko mbali. Tena mganga hukukalisha, akakuuliza habari za nyumbani na za jamaa, wala hana haraka. Mtu aliyekuwa akiteseka peke yake kwa miezi mingi, leo amesikilizwa.

Na miti ina dawa kweli. Kwinini ilitoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Dawa mseto ya malaria, ile mnayopewa zahanati, ndani yake mna dawa iliyotokana na mmea ambao Wachina waliutumia tangu kale kutibu homa. Bibi Tu Youyou wa China ndiye aliyeongoza kazi ya kuichunguza miaka ya 1970, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa Tanzania, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na tangu mwaka 2002 iko sheria ya tiba asili, inayowataka waganga wasajiliwe. Basi tusipoteze muda kuuliza kama mti ni dawa au si dawa. Tuulize maswali mengine: mti gani, kwa ugonjwa gani, kiasi gani, na je, mgonjwa anakunywa dawa gani nyingine? Swali hili la mwisho ndilo lililonifanya nitake kuzungumza nanyi leo, na mtaona sababu yake.

Kwa habari ya sonona, mmea uliochunguzwa kuliko yote hauoti mashambani kwetu. Ni mmea wa Ulaya. Wajerumani huuita Johanniskraut, maana yake majani ya Yohana, kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni. Maua yake ni ya manjano. Ukiinua jani lake kwenye mwanga waona vitone vidogo vidogo, kana kwamba limetobolewa kwa sindano, na ukiponda maua yake machanga hutoka maji mekundu. Watu wa Ulaya wameunywa kwa karne nyingi. Siku hizi hutengenezwa vidonge, navyo huuzwa katika nchi nyingi, na ndugu aliye ng'ambo aweza kuvituma nyumbani kwa nia njema kabisa. Sisi tutauita mmea wa Yohana.

Je, wasaidia? Hapa yafaa tujue kwanza jinsi dawa inavyojaribiwa. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili, kama kwa kupiga kura. Kundi moja hupewa dawa yenyewe. Kundi la pili hupewa kidonge cha bandia, chenye rangi na umbo lilelile, ila ndani yake hamna dawa. Mgonjwa hajui amepewa kipi, na daktari anayempima hajui pia. Baada ya majuma kadhaa huhesabiwa waliopata nafuu katika kila kundi.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu mtu akipewa kitu na mtu anayemwamini, akatazamwa, akaulizwa hali yake kila juma, mara nyingi hupata nafuu hata kama alichopewa ni unga wa muhogo. Katika ugonjwa wa sonona nafuu ya namna hii ni kubwa. Si uongo, mgonjwa amepata nafuu kweli. Lakini haikuletwa na mti. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Jirani yangu alikunywa majani haya akapona," yawezekana ni kweli kabisa kwamba alipona, na bado tusijue kilichomponya.

Basi mwaka 2008 wataalamu walikusanya majaribio 29 ya mmea wa Yohana, yenye wagonjwa 5,489. Waliona kwamba waliokunywa mmea huo walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge cha bandia, na karibu sawa na waliopewa dawa za sonona za hospitali. Tena walioacha dawa kwa sababu ya kusumbuliwa nayo walikuwa wachache zaidi kwa upande wa mmea. Hiyo ndiyo faida yake, nayo si ndogo. Lakini majaribio yaliyofanywa katika nchi zinazosema Kijerumani yalitoa majibu mazuri zaidi kuliko yale ya nchi nyingine. Na jaribio moja la Marekani la mwaka 2002, lenye wagonjwa 340, halikuona tofauti kati ya mmea huo na kidonge cha bandia. Wenye kuipenda hospitali wasishangilie upesi: katika jaribio hilohilo dawa ya hospitali nayo haikukishinda waziwazi kidonge cha bandia katika kipimo kikuu. Sonona ni ugonjwa mgumu kupima.

Kwa maoni yangu, mtu akiniuliza, nitamjibu kwamba mmea huu umewasaidia baadhi ya watu wenye sonona ndogo au ya kadiri. Mwenye sonona kali asiutegemee.

Hapo tumefikia neno KIPIMO. Vidonge vilivyotumika katika majaribio vilikuwa na kiasi kilekile cha dawa, leo na kesho. Majani yaliyochemshwa nyumbani hayako hivyo. Nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, kwa majira, kwa jinsi ulivyokaushwa, na hata kwa muda wa kuchemsha. Mzizi hauwi sawa na jani. Kikombe cha jana chaweza kuwa chepesi, na cha leo kikali, na mnywaji asione tofauti. Tena ndugu za mmea wa Yohana huota katika milima yetu, kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, navyo vina maua ya manjano vilevile. Asiende mtu kuvichuma kwa sababu ya somo hili. Kufanana maua hakufanyi dawa iwe moja.

Sasa tuingie katika neno INI, na hapa naomba mnisikilize sana.

Kila dawa unayomeza, iwe kidonge au maji ya mizizi, hupita katika ini. Ini ni kama mlango wa ghala wenye wafanyakazi. Wao huivunja dawa vipande vipande, mwili upate kuitoa nje. Madaktari wanajua jambo hili, kwa hiyo wanapokuandikia kidonge kimoja asubuhi wamekwisha kuhesabu kazi ya wafanyakazi hao. Wanajua kiasi gani kitavunjwa na kiasi gani kitabaki katika damu kufanya kazi mpaka kesho asubuhi.

Mmea wa Yohana una kitu ndani yake kiitwacho haipaforini. Kitu hiki huliambia ini liite wafanyakazi zaidi. Baada ya siku chache ghala lina wafanyakazi wengi mno, nao huvunja kila wanachokikuta. Kidonge ulichopewa hospitali huvunjwa upesi kabla hakijamaliza kazi yake. Umekimeza, hukusahau hata siku moja, lakini katika damu kimebaki kidogo.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichukua watu 8 wenye afya, wakawapa indinavir, dawa ya virusi vya Ukimwi iliyotumika sana miaka ile. Kisha wakawapa pamoja na mmea wa Yohana. Kiasi cha indinavir katika damu kilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo madaktari wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, waliandika habari za watu wawili waliokuwa wamepandikizwa moyo wa mtu mwingine. Watu kama hao humeza dawa kila siku ili mwili usiukatae moyo huo. Walikuwa wakiendelea vizuri. Wakaanza kunywa mmea wa Yohana, dawa yao ikapungua katika damu, na mwili ukaanza kuukataa moyo. Walipoacha mmea huo, dawa ilirudi kiasi chake nao wakapona. Na mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya wanawake wanaotumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango wasiutumie, kwa kuwa walikuwapo waliopata mimba bila kutazamia.

Labda mwafikiri hayo ni mambo ya Ulaya. Basi natuseme yuko mama mmoja katika kijiji chochote cha kwetu. Ni mama wa mfano tu. Anameza dawa za kupunguza makali ya virusi, nazo zimemrudishia afya. Analima, anauza ndizi, watoto wako shule. Lakini moyo wake ni mzito, hapati usingizi. Dada yake aliye mjini anamletea kichupa cha vidonge vya mmea wa Yohana. Anavimeza. Baada ya majuma manne anaona nafuu. Analala, anaimba jikoni. Kliniki hawaambii, kwa sababu hawakumwuliza, na kwa sababu aogopa kukemewa. Na huku ndani ya damu dawa ya virusi imepungua, virusi vinaanza kuzaliana tena, na vyaweza kujifunza kuishinda dawa ile. Yeye hasikii chochote. Hakuna maumivu, hakuna homa. Siku anapokuja kupimwa ndipo hesabu ya virusi inaonyesha, naye muuguzi anamwambia, "Mama, wewe humezi dawa." Naye ameimeza kila siku!

Dolutegravir, ambayo ndiyo dawa ya virusi inayotumiwa zaidi kwetu siku hizi, karatasi yake ya maelezo yaonya juu ya mmea huu. Na siyo hiyo peke yake. Ziko dawa nyingine, za kuzuia damu isigande, za moyo, za kifafa, ambazo mmea huu hupunguza nguvu yake. Kwa dawa za sonona zenyewe hatari ni kinyume chake. Mtu akiunywa pamoja na kidonge cha sonona cha hospitali, nguvu mbili hukutana: mwili hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, mtu huchanganyikiwa. Wengine wameponea chupuchupu.

Kama yuko mtu darasani anayetumia mmea huu pamoja na dawa ya hospitali, asivitupe vidonge vyake vya hospitali, wala asijifanyie hesabu mwenyewe. Aende kliniki upesi, achukue na kichupa, aseme. Hata kuacha mmea kwabadilisha kiasi cha dawa katika damu, kwa hiyo ni vema daktari ajue.

Wengine watasema, "Mwalimu, wewe watutajia mmea wa Wazungu uliotiwa kiwandani. Wetu umetoka ardhini, hauna madhara." Nitawajibu kwa kisa cha mti mwingine.

Wazee wa Uchaggani wanaujua mti uitwao msesewe. Magome yake hutiwa katika mbege, kuipa uchungu wake. Msesewe una ndugu yake India, kichaka kidogo ambacho Wahindi hukiita sarpagandha. Mizizi yake ilitumiwa huko kwa karne nyingi, kwa kuumwa na nyoka, kwa homa, na kwa kumtuliza mwenye wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa India waliandika kwamba mizizi hiyo hutuliza wazimu na hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika habari zake katika jarida la Uingereza, na dunia ikasikia. Mwaka 1952 wataalamu wa mji wa Basel, Uswisi, walitoa katika mizizi hiyo kitu chenye nguvu, wakakiita reserpini. Ndugu mwingine wa mti huo, uotao katika misitu ya Kongo, ulichimbwa mizizi yake kwa wingi kwa ajili ya dawa hiyo. Ilikuwa sifa kubwa kwa wazee wa India: walisema kweli, na sayansi ikawakubali.

Lakini miaka ileile ya 1950 madaktari walianza kuandika jambo jingine. Baadhi ya wagonjwa wa shinikizo la damu waliopewa dawa hii, watu waliokuwa na furaha zao, waliingia katika majonzi. Walilia bila sababu, hawakutaka kuamka. Wachache walitaka kujiua. Dawa iliyotuliza damu ilikuwa imegusa na ubongo. Sehemu za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, kama vile ofisi zinavyopelekeana barua kwa matarishi. Reserpini huwamaliza matarishi hao katika ghala zao. Wataalamu wa baadaye wamebishana ni wagonjwa wangapi walioathirika hasa, na wengi huona kwamba vipimo vilikuwa vikubwa mno. Hata hivyo karatasi za dawa hiyo zimeendelea kuonya juu ya huzuni. Mzizi huo ulitoka ardhini kama mzizi wowote, na kwa baadhi ya watu ulileta ugonjwa uleule tunaouzungumzia leo.

Sisemi kwamba msesewe katika mbege huleta sonona. Sina haki ya kusema hivyo. Pombe yenyewe, ikinywewa sana, yatosha kuleta huzuni bila kusaidiwa na msesewe.

Kuna vitu viwili zaidi vya kwetu nitakavyovitaja kwa ufupi. Cha kwanza ni zafarani. Watu wa pwani wanaijua, kwa kuwa ndiyo hutumiwa kuandikia kombe: maneno ya Kurani huandikwa kwa wino wa zafarani katika sahani, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Madaktari wa Tehran, Irani, walijaribu zafarani kwa wagonjwa wa sonona ndogo na ya kadiri, miligramu 30 kwa siku kwa majuma 6, wakaona nafuu. Majaribio mengine yamefuata nayo yanatia moyo, ila mengi ni madogo. Miligramu 30 ni nyuzi chache tu. Atakayefikiri kwamba kijiko kizima kitamponya haraka zaidi atajidhuru, na mwenye mimba asijaribu kabisa kuzidisha. Tena zafarani ni ghali, na kila kitu ghali huigizwa. Nyingine sokoni ni manjano yaliyotiwa rangi.

Cha pili ni mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa. Mtu mwenye mawazo huitafuna akachangamka, akawa msemaji, akaona shida zake zimekuwa ndogo. Wakulima wa Meru huifunga kwa majani ya mgomba na kuipeleka sokoni mbio, kwa sababu nguvu yake hupotea ikikauka. Na furaha yake ni hivyohivyo. Usiku hakuna usingizi, na asubuhi moyo uko chini kuliko jana, basi hutafutwa nyingine. Kwa mwenye sonona hilo ni deni linalozaa deni. Huku Tanzania, mbali na hayo, sheria inaikataza.

Iko pia unga wa rangi ya majani ndani ya mfuko wa nailoni, usio na jina, unaouzwa stendi na mtu mwenye kipaza sauti. Unaponya sonona, kisukari, nguvu za kiume na deni la benki. Mtu asiyekutajia mti, wala kipimo, wala pahali anapopatikana kesho ukidhurika, usimpe fedha yako. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta dawa za namna hii zimetiwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa kwa siri, ndiyo maana "zinafanya kazi" haraka. Afadhali mara mia mganga wa kijijini mnayemjua na anayewajua.

Na mganga huyo, nimekwisha kusema, ana kitu kimoja ambacho si mti. Anasikiliza. Huko Zimbabwe, katika mji wa Harare, Daktari Dixon Chibanda aliona kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari wa akili ni wachache mno. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha akina bibi wa mtaani, wanawake wazee wanaoheshimiwa, wakae na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Watu wa huko husema mtu ana kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Maneno yao hayako mbali na yetu. Bibi humsikiliza mgonjwa, humsaidia kuchagua shida moja katika shida zake nyingi, na kuitafutia njia ya kuitatua, kisha hukutana naye tena. Kazi hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 573, na habari zake zilitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi walikuwa na sonona kidogo sana kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mazungumzo hayana ugomvi na ini la mtu. Kama nyumbani kwenu yuko mtu mwenye moyo mzito, anzeni na hilo leo jioni: kaeni naye, mwulizeni, nyamazeni asikike.

Lakini yako mambo yasiyongoja jani wala mazungumzo. Mtu akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga. Akikataa kula kabisa. Akisikia sauti za watu wasiokuwapo. Au mama mwenye mtoto mchanga akisema ataka kujidhuru yeye au mtoto: mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake. Dawa za kuua wadudu wa shambani zifungiwe mahali asipofika. Msiogope kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Pia mara nyingine moyo mzito hutokana na mwili wenyewe, mathalani upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo, na hayo hujulikana kwa kupimwa. Ukinywa majani mwaka mzima kwa ajili ya huzuni, na kumbe damu yako ni pungufu, mwaka umepotea.

Sasa kalamu. Neno la nne ubaoni ni ORODHA. Fungueni ukurasa mpya. Juu, kwa herufi kubwa, andikeni: ORODHA YA DAWA ZANGU. Chini yake kila mmoja aandike kila kitu anachomeza, anachokunywa, anachotafuna au anachochomwa kwa ajili ya afya au kwa ajili ya kuchangamka. Vidonge, sindano ya uzazi wa mpango, kijiti, majani, mizizi, unga, zafarani, mirungi, pombe. Mbele ya kila jina aandike mambo mawili: kiasi gani kwa siku, na tangu lini. Orodha ni ya mwenyewe. Mwalimu wa darasa ataangalia herufi, hatasoma kwa sauti, wala jirani asichungulie.

Usiyejua jina la mti, andika jina analoliita mganga wako, na ufunge jani lake ndani ya karatasi. Usiyejua kuandika jina la kidonge, nakili kutoka kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Majina hayo ni magumu hata kwa sisi wa redioni. Siku ya kliniki mpe muuguzi karatasi kabla hajakuandikia kitu, na umwambie: "Dada, pamoja na hizi zenu, mimi ninakunywa na hizi." Huenda akanuna. Mwache anune, lakini asome.

Somo lijalo tutajifunza kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa chapa kwenye dawa. Kila mwanafunzi aje na pakiti moja tupu. Kwaherini.